Geti la usharika lenye majina ya waliokufa Kagera linavunjwa, naombeni ushauri

Wakuu habari. Kanisani kwetu, huku milimani Moshi, geti lina nguzo mbili za mawe zenye mabamba ya chuma. Yameandikwa majina ya vijana wa kijiji waliokufa vita vya Kagera. Wengi walikuwa mgambo, wakaondoka Mwalimu Nyerere alipotangaza vita Novemba 1978. Baba yangu mdogo yumo, na herufi ya kwanza ya jina lake imeshaliwa na kutu.

Baraza la wazee limepitisha geti pana, nguzo zivunjwe, mabamba yakae stoo. Bibi yangu kila Jumapili hulipapasa lile jina kabla ya kuingia ibadani. Kaburi la mwanawe hajawahi kuliona. Nifanyeje?

Mtu wa Kibosho: Mkuu, usiende na malalamiko, nenda na mchoro. Nguzo moja ibaki, ya pili isogezwe. Mawe yapigwe namba kwa chokaa yakiwa bado ukutani, yajengwe upya kwa mpangilio uleule.

Kahawa Chungu: Mimi naunga mkono baraza. Jeneza la mama yangu tulilibeba kwenye matope toka barabarani kwa sababu gari halikupita getini. Walio hai nao wafikiriwe.

Fundi Chuma: Asiguse mtu kwa grenda, herufi zitaisha! Brashi ya waya, kwa mkono, halafu redioksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) ndipo rangi yenyewe. Bamba lisigandamane na ukuta, maji yakituama nyuma kutu inarudi. Ila kwanza weka karatasi juu ya bamba usugue kwa mkaa, jina litatokea hata pale macho yanaposhindwa.

Dada wa Muleba: Sanamu ya Askari pale Dar, ya mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza bila jina hata moja. Ninyi majina mnayo! Mashujaa wa Kagera wamezikwa huku kwetu Kaboya, lakini bibi wa Moshi atafikaje? Familia zote zisaini barua kwa mchungaji, muombe mkutano wa usharika mzima.

Mleta uzi: Asanteni sana. Kahawa Chungu, pole kwa mama. Geti lipanuliwe, hilo sipingi. Barua naandika leo. Fundi, karatasi gani inafaa?

Fundi Chuma: Kaki nyepesi ya dukani. Isiwe ya kung'aa, mkaa haushiki.