Umemuuzia bibi hati mbovu, halafu unamwambia "kafungie maandazi"?

Kalamu ya Mwanjelwa
Wana Mbeya, nina hasira na sijapoa. Simtaji mtu, mnamjua wote. Yule mwandika hati mwenye mihuri mingi kuliko vidole vya mikono na miguu, anayegonga muhuri hata kwenye risiti ya chai.

Leo asubuhi bibi wa watu kashuka kwenye gari la Tukuyu, baridi inakata masikio, karudisha hati ya uwakilishi, ile ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, aliyotengenezewa pale kwake. Msajili wa hati kaikataa. Bibi anataka mtoto wa dada yake auze kiwanja kwa niaba yake kwa sababu miguu haimruhusu tena safari. Jibu alilopata kwa mwenye mihuri, mbele ya foleni nzima: "Kama hawaitaki, kafungie maandazi."

Maandazi! Hati uliyoiandika wewe mwenyewe, ukaipokelea pesa wewe mwenyewe!

Na tuiangalie hiyo hati. Ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, kwa bibi anayejua Kinyakyusa na Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchi hii, sasa Kiingereza cha nini? Kiwanja namba 214 kimeandikwa 241. Maana yake bibi karuhusu kuuzwa kwa kiwanja cha jirani. Mamlaka yote yamebanwa kwenye maneno machache, kwa Kiswahili ni "kusimamia mali zangu". Kusimamia si kuuza! Hati ya uwakilishi inasomwa kwa kubana, kisichoandikwa hakijatolewa. Ukitaka mtu akuuzie, andika kuuza, andika kupokea bei, andika kusaini fomu za uhamisho, andika kufuatilia vibali, kila kazi kwa jina lake.

Chini kuna muhuri wa zambarau, nusu kwenye karatasi, nusu umebaki mezani. Mahali pameandikwa Dar es Salaam. Bibi huyu Dar anaisikia redioni! Tarehe hakuna. Jina la aliyeshuhudia hakuna, kuna mchirizo kama kuku kapita. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12, sheria ya makamishna wa viapo, kinamtaka kamishna, yaani aliyeruhusiwa kisheria kushuhudia viapo, aandike jina lake, mahali na tarehe kwa ukweli. Huyu hata kamishna si yeye, muhuri ni wa wakili ambaye bibi hajawahi kumtia machoni.

Halafu maandazi. Mama mzima, mwenye wajukuu, "kafungie maandazi".

Ndaga Fijo
Pole kwa bibi yetu. Mimi neno "maandazi" limenichoma, lakini kuna kosa kubwa hujalisema. Kama bibi hasomi, ile hati hata ingekuwa na namba sahihi ingempa shida. Asiyesoma anasomewa hati yote kwa lugha anayoielewa, ndipo anaweka dole gumba, na chini panaandikwa kwamba amesomewa, kwa lugha gani, na nani kamsomea. Msomaji naye anasaini. Mstari huo usipokuwepo, siku ya ugomvi ndugu watasema bibi alibandikwa kidole akiwa anasinzia, na utawajibu nini?

Baridi ya Makete
Mtoa mada umefoka aya sita, bibi bado yuko stendi na karatasi yake. Mwambieni afanye nini!

Aende kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, amkute ana kwa ana. Abebe kitambulisho cha NIDA, picha ndogo za kwake na za huyo mtoto wa dada yake, na nakala ya hati miliki. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho na kwenye hati miliki. Kama huku ni Tumaini na kule ni Tumainieli, aape kwanza kiapo cha majina kwamba ni mtu yuleyule, la sivyo anarudishwa tena. Namba ya kiwanja, kitalu na hati miliki zinakiliwa kutoka kwenye hati yenyewe, si kutoka kichwani. Mtoto naye asaini kukubali. Watengeneze nakala halisi tatu, kwa sababu kila dirisha linataka ya kwake na fotokopi hawataki kuiona.

Wakitoka hapo waende TRA kulipia ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kusaini. Watu wanauruka huu. Hati isiyolipiwa stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Ndipo iende kusajiliwa kwa msajili wa hati, maana uhamisho uliosainiwa na mwakilishi ambaye hati yake haijasajiliwa haupiti.

Kalamu ya Mwanjelwa
Hatua hizo nazijua na nazikubali. Ila zote zingefanyika siku ya kwanza, kwa pesa ileile! Badala yake kamgongea muhuri wa Dar na kumpa ushauri wa maandazi. Foleni ilinyamaza kimya. Mtu mzima kaikunja karatasi mara nne, kaifunga kwenye pindo la khanga, kaondoka bila neno. Hapo ndipo nilipowaka.

Mama Wawili Forest
Bibi ana mume? Maana kama kile kiwanja kina nyumba ya familia, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenza. Hati ya uwakilishi ya mmoja haiuzi haki ya mwingine. Nyumba ngapi zimeuzwa na "mwakilishi wa baba" huku mama yuko jikoni anasonga ugali, hajui lolote!

Kamwene Kamwene
Kamwene wana Nyanda za Juu. Hayo ya Mbeya ni madogo, njooni Iringa. Huku kuna dalali, wa Ipogolo na Kihesa mnamjua, anauza viwanja kwa hati ya uwakilishi TUPU. Mnunuzi analipa bei yote, anapewa karatasi inayomfanya "mwakilishi" wa muuzaji, anaambiwa hiyo inatosha, uhamisho na kodi zake mtafanya baadaye.

Haitoshi! Mwakilishi si mmiliki. Uwakilishi wa kawaida unakufa siku anapokufa aliyeutoa. Muuzaji akizikwa Jumatatu, Jumanne karatasi yako ni kumbukumbu. Unaanza kubembeleza warithi ambao hawajawahi kukuona.

Baridi ya Makete
Hapo Kamwene kapigilia msumari. Na ndugu nao hufanya hivyohivyo: mzee kafa, kijana bado anazunguka na hati ya uwakilishi kukusanya kodi za wapangaji. Haina nguvu tena. Ni kikao cha ukoo, cheti cha kifo, maombi mahakamani, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Hakuna njia ya mkato.

Mtoto wa Soko Matola
Lakini mbona walioko Uingereza wanasema mzazi akipoteza kumbukumbu hati ndiyo inaanza kazi?

Mama Wawili Forest
Hiyo ni yao. Wana sheria ya 2005 iliyoleta hati ya uwakilishi ya kudumu, isiyokufa akili ikivurugika, ipo ya fedha na ipo ya afya, na inasajiliwa kwenye ofisi maalumu kabla ya kutumika. Kwetu uwakala, yaani huo uwakilishi, unaendeshwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na akili ya aliyetoa mamlaka ikivurugika, uwakala unakoma. Kwa hiyo mzazi aliyeanza kusahau majina ya watoto usimpeleke kusaini chochote, ni kumtafutia kesi. Hapo mnaenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake.

Msitu Mnene
Mnaongea viwanja tu, sisi wa miti nani atatusemea? Mwenye shamba la misindano yuko Dar, kampa mtu wa Mafinga hati ya "kutunza shamba". Akija kukagua anakuta visiki. Mtunzaji anasema kupunguza miti ni kutunza! Na mnunuzi wa mbao anasema aliona hati ina muhuri.

Ndaga Fijo
Msitu, hapo pa kubana ni kwenye maandishi. Andika: kupalilia, kupogoa, kutengeneza barabara ya kuzuia moto. Kisha andika waziwazi kwamba hana ruhusa ya kuvuna, kuuza wala kuweka rehani, na hana ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Weka na mwisho, mfano miezi 12.

Msitu Mnene
Na kama ameshapewa ile mbaya?

Ndaga Fijo
Tengua kwa maandishi, mbele ya wakili. Ila kutengua ukiwa umekaa Dar kimya hakusaidii. Mwakilishi anaendelea kukufunga mpaka apate taarifa, na mnunuzi asiyejua analindwa mpaka ajue. Mpelekee barua aisainie kupokea. Kama hati ilisajiliwa, sajili na utenguzi palepale. Nakala nyingine peleka serikali ya kijiji na kwa wanunuzi wa mbao wa eneo hilo. Dai hati zako halisi zote zirudi mkononi.

Kamwene Kamwene
Msitu, shamba lina hatimiliki ya kimila au la kununua kwa mwenyekiti na mashahidi wawili? Kama ni ardhi ya kijiji, hata mwakilishi mwenye ruhusa ya kuuza bado anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji.

Msitu Mnene
Ya kimila. Hekari nane.

Kamwene Kamwene
Basi barua ya kijiji ipeleke kabla ya ile ya mtunzaji. Wakijua wao kwanza, hakuna gari la magogo litakalopita na karatasi yake.