Tokeni za EBT soko la baridi hawazitaki

Mama Mapacha, Jumatatu jioni
Wanajamvi, habari za baridi. Mwenzenu nimekwama. Mwezi wa 9 nilichanja kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula hapa Marekani, pale soko la wakulima la uwanjani, nikapewa zile tokeni za mbao za kulipia wauzaji. Zikabaki za dola 34. Juzi Jumamosi nimezipeleka soko la baridi, hili la ndani ya ukumbi. Muuza karoti akazigeuza-geuza, akasema si za hapa. Leo nimepiga simu kaunti: nusu saa ya muziki, halafu "hizo si zetu, uliza sokoni." Na kule uwanjani wamefunga hadi mwezi wa 5! Nani anajua zinarudishwaje kwenye kadi?

Baba Zawadi
Pole dada. Kuponi hizo hufa msimu ukiisha. Mke wangu za WIC, ule msaada wa wajawazito na watoto wadogo, alizikuta mwezi wa 12 ndani ya begi la nepi. Karatasi tupu.

Bibi wa Detroit
Hamjaniamkia lakini marahaba. Baba Zawadi, soma kwanza kabla ya kujibu. Kuponi ni FMNP, za kununulia soko la wakulima, za kina mama wa WIC, na sisi wa miaka 60 kwenda juu tuna zetu. Hizo ndizo zinazokufa. Tokeni ni hela ya SNAP, yaani huo msaada wa chakula wa EBT, iliyokwishatoka kwenye kadi, na hutumika soko lile lile lililokupa. Mimi soko letu la Eastern Market naenda Jumamosi mwaka mzima, nachanja kiasi cha kumaliza siku hiyo hiyo. Ulizeni na mpango wa Double Up, ulianzia hapa hapa Detroit 2009, unaongezewa hela ya mboga na matunda. Wakati huu chukueni karoti, viazi, kabichi na sukuma. Sukuma ikipigwa na baridi kali hutengeneza sukari, inakuwa tamu.

Baba Zawadi
Shikamoo bibi. Nilijibu kwa nia njema tu. Lakini tamu ipi? Hiyo ya kwao imejikunja kama mkeka uliorowa, kisu hakipiti. Mimi nataka mchicha. Wa nazi. Naomba nisiendelee.

Kaka wa Ohio
Mnabishania sukuma, wengine tuna grinikadi mwaka wa 3 na SNAP wanataka miaka 5. Kodi wanakata bila kuuliza miaka.

Mama Mapacha
Kaka, watoto chini ya miaka 18 hawasubiri hiyo 5. Waombee wao.

Kaka wa Ohio
Sina mtoto dada.

Baba Zawadi
Mwenye hiyo SNAP naye? Novemba 2025 serikali imefungwa kwa ugomvi wa bajeti, kadi haisomi kitu, tukapikiana kwa zamu hapa jengoni. Halafu wanatuambia nyumbani ndiko kwenye serikali mbovu.

Bibi wa Detroit
Siasa pelekeni kule kwenu WhatsApp.

Mama Mapacha
Asanteni wote. Tokeni ziko mezani, mapacha wanachezea duka. Sasa zinarudi kwenye kadi au hazirudi?

Bibi wa Detroit
Baba Zawadi, kuhusu mchicha: EBT inanunua mbegu na miche ya chakula, wengi hawajui. Panda mwisho wa mwezi wa 5. Mimi mwaka jana nilijitia haraka, wa kwanza wote ukaungua na baridi.

Baba Zawadi
Bibi, mbegu unazo za ziada?