MREJESHO: Ile gemu ya Fire Emblem ya GameCube niliyotaka kuuza elfu 50

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama gemu ya Fire Emblem: Path of Radiance ya GameCube (mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo), ile ya 2005 aliyoniachia braza, nimuuzie jamaa wa hapa Majengo kwa elfu 50, mkasema nisithubutu, niangalie kwanza bei ambazo kopi zimeuzwa kweli sio zile watu wanajipangia tu. Aisee! Diski peke yake inapita dola 100, ikiwa na kava na kitabu chake ndo inapanda zaidi. Jumamosi nikapanda basi hadi Kongwa kwa bi mkubwa, tumepekua masanduku yote, kava tumelipata, kitabu panya wamekula kona, roho imeniuma sana. Siuzi tena, jamaa nishamwambia. Sasa natafuta memori kadi, maana sevu zake (pale ulipofikia kwenye gemu) ukiwa na Wii, mashine ya Nintendo iliyofuata, unazihamishia Radiant Dawn, gemu inayoendeleza hii.