Nyakoi ndiyo inayong'oa mabati huku Kisumu?

FundiPaa_Nyalenda
Wadau, kuna madarasa karibu na Dunga yanaezekwa upya. Wazazi wanasema nyakoi ya ziwani, ile nguzo ya upepo inayozunguka juu ya maji, ndiyo hung'oa mabati. Ni kweli? Na ina miezi yake?

Anga_Lolwe
Mara nyingi si nyakoi. Mabati hung'olewa na hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi na kusambaa chini kwa nguvu. Miezi yake ni Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, ila mimi ningeangalia saa kwanza. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea Nandi na Kericho, ukakutana na ule wa mashariki. Mawingu hukomaa huko, na alasiri husukumwa kurudi Kisumu. Kwa hiyo anga likiwa jeusi upande wa Nandi saa tisa, watoto wasiachwe chini ya paa bovu. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa hushuka kutoka milimani hadi juu ya maji yenye joto, na dhoruba huchacha ziwani hadi asubuhi, wakati ule ule wavuvi wa omena wako kazini na taa zao.

Mvuvi_Mbita
Nyakoi yenyewe huning'inia kwenye wingu linalokua, na kwa kawaida haimalizi dakika 20. Ikifika nchi kavu hufifia upesi. Boti isishindane nayo mbio. Ikate pembeni, kwa pembe ya digrii 90 na njia ya nyakoi. Kisulisuli cha vumbi cha Nakuru ni kitu kingine: Januari na Februari, jua la adhuhuri, udongo mtupu, bila wingu juu.

FundiPaa_Nyalenda
Asanteni. Basi paa nilifungeje?

Mjenzi_Kondele
Upepo huingia chini ya ukingo na kusukuma bati juu, kwa hiyo ukingoni piga msumari kila mgongo wa bati. Katikati, kila mgongo wa pili. Usipige bondeni, patavuja. Tumia misumari ya mabati yenye washa ya mpira. Lakini misumari pekee haitoshi: paa zima hung'oka pamoja na mbao zake. Mbao inayolala juu ya ukuta ifungwe kwa ukanda wa chuma uliojengewa ndani ya ukuta, angalau kozi (safu za matofali) tatu chini. Ukanda ukiwekwa kwenye kozi ya mwisho tu, huondoka na tofali lake. Na ukingo usitokeze zaidi ya milimita 600.