Naomba ushauri: blogu ya Lamu, matangazo au kamisheni?
Asalaam aleikum ndugu zangu. Blogu ni ya safari za Lamu: Shela, magofu ya Takwa, Maulidi, nauli za mashua. Kikoa (anwani ya tovuti) cha .co.ke na WordPress, programu ya kuendeshea blogu, si tatizo. Utata uko kwenye pato. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hailipi mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo, salio likifika dola 10 hutumwa PIN (namba ya kuthibitisha anwani) kwa barua, na miezi 4 ikipita hujaiingiza, matangazo huzimwa. Ukitumia sanduku la posta la kuazima (wengi wetu hapa ndivyo), barua hupotelea humo. Maulidi nayo hufuata mwezi mwandamo, kwa hivyo tarehe za makala ya mwaka jana hazifai tena. Je, nianze na kamisheni za manahodha kwa M-Pesa, matangazo yafuate? Na lugha gani itangulie, Kiswahili au Kiingereza?