Kwa nini matangazo ya kampeni ya zamani bado yanawagusa wapiga kura wa leo?

Mwalimu wa Kanyenye (Tabora)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini. Tulipofika kwenye mada ya uchaguzi niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu tangazo la kampeni la Marekani la mwaka 1964, ambalo upande wa Rais Lyndon Johnson ulilitumia dhidi ya Barry Goldwater. Ni la dakika moja na halina rangi: mtoto wa kike ananyofoa petali za ua huku akihesabu na kukosea, kisha sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi, kamera inasogea hadi ndani ya mboni ya jicho la mtoto, na bomu la nyuklia linalipuka. Goldwater hatajwi popote.

Wanafunzi wangu hawakuwa wamewahi kumsikia Goldwater, na Kiingereza cha tangazo kiliwapita wengi wao, lakini darasa lilitulia kabisa. Nilipoweka lile la Ronald Reagan la mwaka 1984, lenye watu wakienda kazini alfajiri, harusi na bendera, wakaanza kupiga soga, ingawa nalo linasifiwa na wataalamu wa fani hiyo. Naomba mnisaidie: ni kitu gani kinachofanya tangazo lililotengenezwa kwa ajili ya wapiga kura wa nchi nyingine, zaidi ya miaka sitini iliyopita, limshike kijana wa Tabora ambaye atapiga kura yake ya kwanza hivi karibuni? Na je, hapa kwetu tunacho cha zamani chenye nguvu ya namna hiyo?

Msikilizaji wa Ujiji

Ndugu Mwalimu, mimi nimefanya kazi za redio hapa Kigoma, kwa hiyo nitaanzia kwenye sauti. Mmoja wa waliolibuni tangazo hilo, Tony Schwartz, alikuwa fundi wa sauti, na msimamo wake ulikuwa kwamba tangazo zuri halimwingizii msikilizaji jambo jipya, bali linagusa lile ambalo tayari analo moyoni. Wamarekani wa mwaka 1964 walikuwa wametoka kwenye mgogoro wa makombora ya Cuba wa mwaka 1962, na Goldwater alikuwa amezungumzia silaha za nyuklia kwa wepesi uliowatisha wengi. Hapakuwa na haja ya kumtaja. Kijana wa leo hana Cuba, lakini anazo picha za vita kwenye simu yake, na mtoto aliye hatarini haelezwi kwa mtu yeyote akaomba tafsiri.

Lile la Reagan linataka uwe umeishi miaka ya kabla yake, ya bei kupanda na riba kubwa ya mikopo, ndipo hiyo asubuhi ikupe nafuu. Asiyeujua usiku uliotangulia ataona harusi tu. Hofu husafiri bila mkalimani, nafuu haiwezi.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba tangazo la mtoto na ua lilinunuliwa nafasi mara moja tu, tarehe 7 Septemba 1964, katika NBC. Lililobaki lilifanywa na vipindi vya habari, ambavyo vililirudia kwa sababu lilizua ugomvi. Hivyo ndivyo video inavyozunguka leo katika makundi ya WhatsApp: inakufikia ikiwa na mabishano yake juu.

Mzee wa Ng'ambo (Tabora)

Mwanangu Mwalimu, kwetu usitafute filamu, tafuta alama. Katika uchaguzi wa chama kimoja, kuanzia mwaka 1965, wagombea wawili wa ubunge walipewa mmoja jembe na mwingine nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Walisimama pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama, hawakuruhusiwa kutumia kabila wala dini, wala kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamuunga mkono mmoja wao. Kwa hiyo alama ikabeba kampeni nzima. Wa jembe alisema bila yeye hakuna atakayekula. Wa nyumba akajibu kwamba hata jembe jioni hulazwa ndani ya nyumba. Katika mkoa wa wakulima wa tumbaku na mpunga, maneno hayo hayakuhitaji fundi kutoka nje, na mimi hadi leo nikiona jembe kwenye bango lolote la kampeni husimama kulitazama.

Lakini nakuongezea kisa cha mji wako mwenyewe. Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora ikajadili kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere alitetea kushiriki, na ilihitaji maelezo marefu kijiji kwa kijiji. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC kwa kauli iliyokolea ya Afrika kwa Waafrika. Kwa masikio ya vijana wako kauli ya Mtemvu ndiyo ingevuma. Katika sanduku la kura, ANC haikuambulia kitu.

Mchambuzi wa Kasulu

Shikamoo, Mzee. Kisa chako kinanipa nguvu ya kupinga kidogo. Tunasema matangazo ya zamani yanagusa kwa sababu tunayaona yaliyosalia tu. Mamia mengine yamekufa pamoja na wagombea wake. Isitoshe, kugusa si kushinda. Johnson alipata asilimia 61 ya kura na majimbo 44, na kwa pengo kama hilo sioni namna ya kumpa mtoto na ua sifa ya ushindi.

Kwa maoni yangu, tangazo hudumu pale lalamiko lake linapobaki bila jibu, hata likamgeukia mwenyewe. Wahafidhina wa Uingereza walitoa mwaka 1978 bango la foleni ndefu ya watu wasio na ajira, wakiishutumu serikali ya Labour. Wakashinda mwaka 1979, na kufikia mwaka 1982 wasio na ajira walizidi milioni tatu. Bango lilikuwa bora lile lile. Aliyestahili kulaumiwa ndiye aliyebadilika. Kadhalika Reagan aliahidi mwaka 1980 kuifanya Marekani kuu tena, na Donald Trump akaiokota ahadi hiyo kwa ajili ya mwaka 2016, kwa kuwa walikuwapo bado watu walioamini kwamba wamepoteza kitu.

Kwetu, Mwalimu, jaribu «Maisha bora kwa kila Mtanzania» ya mwaka 2005. Wanafunzi wako walikuwa hawajazaliwa, lakini bila shaka wameisikia nyumbani, mara nyingi ikiwa imegeuzwa swali.

Mwalimu wa Kanyenye (Tabora)

Nawashukuru. Nitawapa wanafunzi bango la foleni bila kuwaambia ni la chama gani, waseme wao lingemfaa nani. Shikamoo, Mzee, je, una karatasi au bango lolote la wakati wa jembe na nyumba tulilete darasani?

Mzee wa Ng'ambo (Tabora)

Marahaba, mwanangu. Sina. Waagize wakawaulize babu na bibi zao walimpigia nani katika uchaguzi huo. Utaona wengine wameshalisahau jina la mbunge, lakini alama wanaitaja.