Mke amekataa talaka: natafuta wakili Malindi, kesi huendaje?

Tuktuk_Malindi (mwanzilishi)
Assalaam aleikum wadau, na wasio Waislamu hamjambo. Mimi na mke wangu hatuwezani tena. Nimempa talaka, ameikataa, kaenda kwao Ganda na watoto wetu wawili. Nasikia ukipingwa kesi huwa ndefu na mawakili hawashibi. Wakili wa talaka hapa Malindi hutoza vipi, na kesi ya kupingwa huendaje? Usingizi sina. Tafadhali msinitukane.

Baraza_la_Shela
Waaleikum salaam. Tangu lini mke akakataa talaka? Ukishaitamka imepita. Nenda kwa kadhi iandikwe, akae eda, umpe haki zake. Wakili wa nini hapo? Vijana mnapenda kupeleka pesa kwa watu wenye tai.

MamaSwaleh
Mwanangu, mmekaa na wazee kwanza? Mimi baba Swaleh aliniacha mara mbili, akanirejea mara mbili, na leo ndiye anayenisindikiza kliniki ya presha. Mara ya pili nilikuwa nishafunga na mizigo, mamangu akaificha ile mizigo kwa jirani. Hasira zenu hizi ni za simu tu.

Pweza_Kavu
Tuktuk moja mpe mke, moja mpe wakili, wewe tembea. Kesi imekwisha.

Karani_Mstaafu
Nimefanya kazi sajili ya mahakama mpaka nikastaafu. Ndugu, kabla ya bei: ndoa ilifungwa wapi? Kwa kadhi, kanisani, kimila au bomani?

Tuktuk_Malindi
Ndoa ni ndoa kaka. Tulifunga vizuri, watu walikuja, wakala.

Karani_Mstaafu
Sikuuliza nani alikula. Cheti kilitolewa na nani?

Tuktuk_Malindi
Bomani, Mombasa, 2015. Yeye ni Mkristo na kwao hawakutaka asilimu, nikaona isiwe taabu. Lakini mimi ni Muislamu na talaka nimeitoa kwa dini yangu. Nimemwandikia WhatsApp, tiki mbili, za buluu.

Baraza_la_Shela
Hilo hukulisema tangu mwanzo.

Karani_Mstaafu
Basi kwa kadhi hapana. Katiba, kifungu cha 170(5), inampa kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Mkeo si Muislamu. Ndoa ya bomani haivunjwi kwa tiki za buluu, inavunjwa na mahakama.

Anayetaka talaka hupeleka ombi kwa hakimu akitaja sababu zilizo katika Sheria ya Ndoa ya 2014, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka mitatu, au ndoa kuvunjika isirekebishike. Mwenzake hupelekewa hati. Anaweza kunyamaza, anaweza kujibu, anaweza hata kuleta madai yake dhidi yako ndani ya kesi hiyohiyo. Akipinga, mtaitana mashahidi na kuhojiwa mbele ya watu mambo ya chumbani, na tarehe zitaahirishwa mpaka mzoeane na askari wa mlangoni. Mali ni kesi nyingine, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Watoto wana mahakama yao. Kwa hiyo wakili akikutajia bei moja kabla ya kusoma karatasi, muulize bei hiyo inabeba kesi ngapi.

Mwalimu_Gede
Na mdai risiti! Mimi wangu nilimlipa mkononi, siku ya kusikizwa hakuonekana, simu imezimwa, nikasimama peke yangu kama mwizi wa kuku. Baadaye nikajua hata leseni ya mwaka ule hakuwa amelipia. Angalieni jina kwenye orodha ya Chama cha Mawakili mtandaoni kabla ya kutoa hata shilingi. Asiye na uwezo aulize FIDA (chama cha mawakili wanawake, husaidia kina mama) au Kituo cha Sheria, wote wana afisi Mombasa.

Karani_Mstaafu
Kweli mwalimu. Tuktuk, kuna jingine? Maana wakili wa mwenzio ataliuliza.

Tuktuk_Malindi
Ni dogo tu. Nimeoa tena, nikahi ya halali kabisa. Na nyumba ya Muyeye nataka kuiandika jina la ndugu yangu kwa usalama, tushaongea. Ploti niliinunua mimi. Yeye alileta mkopo wake wa ualimu wa kuezeka tu. Na nyumba nishindwe hata kuingia, kabadilisha kufuli!

MamaSwaleh
Ya Rabi. "Dogo tu".

Karani_Mstaafu
Ndoa ya bomani ni ya mke mmoja. Kuoa mwingine kabla haijavunjwa ni kosa la jinai, kifungu cha 171 cha Kanuni za Adhabu, hadi miaka mitano. Mwambie wakili wako hili kabla ya yote. Na nyumba ya ndoa huwezi kuiuza wala kuigawa zawadi bila ridhaa ya mke, hilo limo katika sheria ya 2013. Kuezeka ni mchango. Kulea watoto nako ni mchango. Msidanganyane na nusu kwa nusu pia: Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba kila mmoja athibitishe alichochangia.

Tuktuk_Malindi
Dini yangu inaniruhusu wanne. Sitaomba ruhusa kwa karani.

Pweza_Kavu
Wadau amkeni. Mara mke yuko Ganda, mara yuko Muyeye anabadilisha kufuli. Hii hadithi ya kutunga. Huyu ni wakili anawinda wateja. Subirini, sasa hivi atatokea mtu kusema "mpigie fulani, alinisaidia sana".

BintiMambrui
Au ni mkewe anatupima 😂 Huyo mke wa pili wa wapi?

Tuktuk_Malindi
Upande wa Mambrui.

BintiMambrui
Mambrui hii yetu? Pilau ikapikwa tusisikie harufu? Muongo.

Tuktuk_Malindi
Nimesema UPANDE wa Mambrui. Gongoni. Na Ganda alikwenda mwanzo, akarudi nikiwa safari. Mnaniita muongo? Haya karatasi hizi hapa, majina nimeyafuta.

Karani_Mstaafu
Ngoja. Hii ni hati ya kuitwa mahakamani. Mwenye kuleta ombi ni mke. Wewe ndiye unayeshtakiwa, na sababu ya kwanza aliyoandika ni uzinzi. Kichwa cha uzi umesema amekataa talaka!

Tuktuk_Malindi
Amekataa talaka YANGU. Anataka ya kortini ili apate nyumba.

Karani_Mstaafu
Umepokea lini?

Tuktuk_Malindi
Kitambo kidogo. Nilikuwa natafuta wakili wa bei nafuu.

Karani_Mstaafu
Muda wa kujibu umeandikwa kwenye ukurasa huohuo uliopiga picha. Ukipita, anaweza kusikizwa peke yake na hakimu akaamua. Kesho asubuhi nenda kwa wakili na hizo karatasi, cheti cha bomani, na ukweli wa Gongoni. Kama muda umepita, aombe mahakama ikuongezee. Ndugu yako asitie sahihi popote.

Tuktuk_Malindi
Kesho nina abiria wa Watamu asubuhi. Mchana hawafungi?

MamaSwaleh
Mwanangu!

Pweza_Kavu
Sawa, si wakili, nakubali. Hakuna wakili angejichoma hivi. Lakini hiyo ploti ya Muyeye ni futi hamsini kwa mia au ndogo?